Kazi ilipovuka ziwa: niliyojifunza kiwanda chetu cha minofu kilipohamia Uganda

Nimekata minofu ya sangara miaka 13. Niliingia kiwandani 2006 nikiwa binti wa miaka 26, nikatoka Machi 2019 nikiwa mama wa watoto watatu na vidole viwili ambavyo mpaka leo asubuhi ya baridi havikunji vizuri. Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita kuna mdogo wangu mmoja anafanya kazi kiwanda kingine hapa hapa Mwanza alinipigia usiku anauliza dada, tumesikia wanataka kufunga, tufanyeje. Niliongea nae karibu saa nzima na bado nilipokata simu nikaona kuna mengi sijamwambia, basi nimeona niyaandike yote, yatakayemfaa yamfae.

Kwanza ilivyokuwa. Kama unaijua Mwanza unajua viwanda vya samaki vilishika miaka ya 90, sangara ambae alipandikizwa ziwani miaka ya 50 alikuwa ameshajaa na Ulaya walimtaka minofu yake, kwa hiyo pale ufukweni vikaota viwanda na sisi watoto wa Igogo na Mabatini na Kirumba tukapata pa kwenda asubuhi. Kazi yenyewe unasimama kwa muda wa saa nane mpaka saa kumi na mbili kwa siku samaki wakiwa wengi, umevaa gambuti na aproni nyeupe na kofia ya wavu, unakanyaga kwanza kwenye maji ya klorini mlangoni, afu unasimama mezani. Kisu chembamba kirefu, chuma cha kunolea kimening'inia kiunoni. Samaki anakuja na barafu yake, unampasua nyuma ya shavu, unateremsha kisu ukisikiliza mfupa, ndio, unausikiliza, kisu kikigusa mfupa kina sauti yake na kikienda kwenye nyama kina sauti nyingine. Unageuza, upande wa pili. Ngozi inavuliwa. Bondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwa samaki, linachukuliwa na mtu wake maalumu manake hilo bei yake ni nyingine kabisa, linaenda China, lilikuwa linahesabiwa kama hela. Mnofu unaenda kwenye friza, na kilichobaki, kichwa na mgongo wenye nyama nyama, ndio panki, linatoka mlango wa nyuma.

Februari 2019 tulikuja shifti ya asubuhi tukakuta meza mbili hazipo. Hamna aliyesema kitu. Kesho yake mafundi wakawa wanafungua boliti za ile friza kubwa na wote tukawa tunaangaliana tu huku tunakata. Siku ya tatu tukaitwa kantini, tukaambiwa mwenye kampuni ana kiwanda kingine upande wa Uganda na uzalishaji wote unahamia huko, mwisho wa mwezi wa tatu hapa panafungwa. Yule afisa alitumia neno ng'ambo. Mi nikageuka nikaangalia dirishani, ziwa lile lile, samaki wale wale, ila kazi yangu imevuka.

Usiku ule nilimpigia kaka yangu aliyeko Marekani. Ni mtoto wa mama mkubwa, alishinda bahati nasibu ya grini kadi akaishia Ohio, kiwanda cha vipuri vya magari, na 2012 kiwanda chao kilihamishia kazi Mexico. Nilimpigia nilie tu kwa kweli, ila yeye akaanza kuniuliza maswali. Una mkataba? Una salari slipu za miaka mingapi? Nani anawawakilisha? Mmeshasaini chochote? Nikawa nakasirika moyoni, mi nimekupigia kwa uchungu we unaniuliza makaratasi. Nimekuja kumshukuru baadae.

Alinielezea yeye ilivyokuwa kwao, na nakuelezea hapa kwa sababu ilinifungua akili kuhusu serikali inaweza kufanya nini ikiamua. Wenzetu wale walikuwa na mpango maalumu kabisa wa mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje, ulianza 1962 enzi za Rais Kennedy, ukaja kuwekwa upya kwenye sheria ya biashara ya 1974. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi nzima inafaidi bidhaa za bei rahisi kutoka nje lakini anayeumia ni mtu mmoja mmoja kiwandani, kwa hiyo nchi iliyofaidi imbebe aliyeumia. Na mlango wa kuingilia ulikuwa mdogo, wafanyakazi watatu tu wakisaini ombi, au chama chao, au hata kampuni yenyewe, ombi linaenda Idara ya Kazi ya Washington, wanachunguza kama kweli kazi imehamia nje au imeuawa na bidhaa za nje, wakithibitisha basi kundi zima la kiwanda kile linaingia. Kaka na wenzie wawili ndio waliosaini kwao.

Akapata nini? Kwanza ile posho ya kawaida ya kukosa kazi, wiki 26. Ilipoisha, ule mpango ukaendelea kumlipa posho ya wiki wiki ilimradi yuko darasani, na ada ya darasa wanalipa wao. Alisomea mafriji na viyoyozi chuo cha jirani, karibu miaka miwili, mtu wa miaka 50 kasoro anakaa dawati moja na vijana wa 19. Kuna mwenzie aliyekuwa ameshapita 50 hakutaka shule, akapata kazi ya mshahara mdogo kuliko wa zamani, yule wakawa wanamlipa nusu ya ile tofauti, mwisho dola 10,000 kwa miaka miwili. Na kaka akaniambia kitu ambacho kimekaa kichwani mpaka leo, kwamba kulikuwa na kiwanda kidogo jirani kilichokuwa kinawauzia wao vifaa, kile nacho kilipokosa mteja kikapunguza watu, na wale watu wa kiwanda kidogo nao waliomba wakakubaliwa, kwa sababu sheria iliwahesabu na walioumia kwa mkono wa pili. Ntarudi hapo.

Mpango wenyewe saizi haupokei watu wapya. Tangu Julai 1, 2022 idara yao iliacha kuthibitisha maombi mapya kwa sababu Bunge lao halikuurefusha. Kwa hiyo hata huko kwa wakubwa kinachotolewa kwa sheria kinaweza kuondoka na sheria, na nilivyosikia hilo nilihuzunika kama vile ni langu.

Sasa turudi Mwanza. Sisi hatuna mpango wa namna ile, hamna sheria inayosema kazi ikihamia nje mfanyakazi apate hiki na kile kwa sababu hiyo. Ila tusiseme hatuna kitu, hilo ndio kosa tulilofanya wengi, kukaa tunalia serikali haitujali wakati siku zinahesabika na vilivyopo vinatupita. Tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 38 kinasema mwajiri akitaka kupunguza watu lazima atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na wafanyakazi au chama chao washauriane kabla, kabla, sio baada: kama kuna namna ya kuepuka, watu watachaguliwaje, lini, na malipo yatakuwaje. Tulipoitwa tena pale kantini sisi tuliletewa karatasi mbili. Moja mahudhurio. Ya pili imeandikwa juu makubaliano, kwa Kiingereza, na watu walikuwa wanasaini zote kwa pamoja, peni inapita meza kwa meza, yaani mtu anasaini huku ameshika kisosi cha chai.

Mi nilikuwa meza ya nne. Peni ilipofika sikusaini na sio kwamba nilikuwa jasiri, nilikuwa na maneno ya kaka ya usiku ule masikioni. Nikasema naomba nikasome nyumbani. Supavaiza akasema we dada usituchelewesheee, kila mtu ameshasaini. Mzee mmoja wa chumba cha barafu akasema na mimi naomba nikasome. Basi tukawa wawili, wakawa sita, ile karatasi ikarudi nusu. Tulienda kwa mwakilishi wetu wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, tawini, tukaisoma na mtu anayejua, kumbe ndani imeandikwa tumeshalipwa stahiki zote na hatutadai kitu mbele ya chombo chochote. Tulikuwa bado hatujalipwa hata shilingi. Wenzetu waliosaini ilibidi wahangaike sana baadae kueleza kwamba hawakujua walichosaini.

Kwa hiyo mdogo wangu, siku ukiitwa kantini, saini mahudhurio, hilo halina neno. Nyingine yoyote omba kopi ukaisome. Hamna sheria inayokulazimisha kusaini makubaliano siku hiyo hiyo.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi, naiweka wazi kwa sababu watu wanaona aibu kuongea hela na ndio tunapunjwa. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 260,000. Kiinua mgongo kwa sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, lakini mwisho miaka 10, hata kama umefanya 30. Gawa 260,000 kwa siku 26 za kazi unapata 10,000 kwa siku, mara 7 ni 70,000, mara 10 ni 700,000. Miaka yangu mitatu ya juu haipo kwenye hesabu. Juu ya hapo notisi ya siku 28 au mshahara wake kama hawataki ufanye kazi, na likizo ambayo hujaenda, na kama walikuajiri wakakutoa mbali basi usafiri wa kukurudisha ulikotoka, na cheti cha utumishi. Hicho cheti watu wanakiacha, wanaona karatasi tu isiyo na hela, kifuate. Mara ya kwanza waliniletea hesabu ya 490,000 kwa kisingizio kwamba 2009 tulibadilishiwa mkataba kwa hiyo miaka inahesabiwa upya kwa namna yao wanavyojua wao. Nilikuwa na salari slipu zote tangu 2006 kwenye mfuko wa rambo chini ya godoro, mume wangu alikuwa ananigombeza kila tukihama nyumba, yakitupwa hayo makaratasi utakufa? Nikawamwagia mezani. Ikaandikwa 700,000.

Afu NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii. Hapa niseme polepole manake ndipo wengi hawajui. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2018 kuna fao la kukosa ajira. Ukipoteza kazi bila kuacha mwenyewe, una michango isiyopungua miezi 18, hujafika 55, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi kwa miezi sita. Kwa mshahara wangu ni kama elfu 86 na ushee kwa mwezi. Watu wengi kiwandani walikuwa na hasira kwamba zamani ulikuwa unajitoa unachukua hela zako zote, na mimi nilikuwa na hasira hiyo hiyo, ila miezi ile sita ile elfu 86 ndio ilikuwa kodi ya nyumba na unga, sitasema uongo. Neno la kuangalia ni hilo la kuacha mwenyewe. Kuna wadada wawili waliambiwa waandike barua ya kuacha kazi ili walipwe haraka, wakaandika. Barua yako mwenyewe inasema umeacha, sasa fao la aliyeachishwa utaliombaje?

Na kingine kilichotokea kwetu. Tulipoenda kuchukua taarifa ya michango kaunta, ilionekana kiwanda hakijapeleka miezi saba ya mwisho. Kwenye salari slipu imekatwa, kwenye mfuko haipo. Mimi wa miaka 13 halikuniumiza upande wa fao manake miezi 18 nilishaivuka zamani. Lakini kulikuwa na vijana waliajiriwa miezi 24 nyuma. Toa 7. Kumi na saba. Mwezi mmoja tu umepungua. Nakumbuka kijana mmoja wa chumba cha kupaki, alikuwa ameoa Desemba, alisimama pale nje ya jengo ameshika ile karatasi anahesabu kwa kidole mstari kwa mstari, anafika chini anaanza tena juu, kama vile mara ya pili itakuwa 18. Ilichukua miezi minne ya barua mpaka kiwanda kikalipa ile miezi na wale vijana wakaingia. Kilichowasaidia ni zile salari slipu zinazoonyesha wamekatwa. Tungekuwa tunaangalia michango yetu kila baada ya miezi mitatu tungejua mapema kabla hata ya tetesi, na kiwanda kinachoacha kupeleka michango kinakuwa kinakuambia kitu, sisi hatukuwa tunasikiliza.

Sasa wale ambao mpaka leo nikiwafikiria roho inauma. Vibarua. Kwenye ule ukumbi wenye mikataba tulikuwa kama sabini, vibarua walikuwa zaidi ya hao mara mbili siku za samaki wengi. Wanakuja getini saa kumi na moja alfajiri, wanasimama, mlinzi anahesabu leo ishirini, leo arobaini, wengine rudini. Kuna waliosimama pale getini miaka minne, sita, wanakata samaki meza moja na mimi kwa kisu kile kile. Siku ya kantini hawakuitwa. Waliambiwa getini na mlinzi kwamba kesho msije.

Wote tuliamini kibarua hana haki, hata mwakilishi wetu wa tawi mwanzoni alisema hivyo. Kulikuwa na dada mmoja kutoka Ukerewe, tulimwita Mkerewe tu, mkimya, alikuwa na daftari la shule la jalada la bluu. Alikuwa anaandika kila siku aliyofanya kazi na alicholipwa, sio kwa ajili ya sheria, ni kwa ajili ya kikoba chao cha akina mama, alitakiwa kuonyesha hela anatoa wapi. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, elfu sita mia tano, elfu saba. Miaka mitatu na miezi. Kuna kurasa zina alama za vidole vya maji ya samaki. Mtu aliyemsaidia, wakili wa msaada wa kisheria, akaliona lile daftari akamuuliza unajua hiki ni nini? Kumbe Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu akiwa amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, au anafanya chini ya maelekezo ya mwingine, au vifaa anapewa na mwingine, anachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Yeye alikuwa anazimaliza ndani ya siku tano.

Akajaza fomu namba moja ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, haina ada. Ila saa inakimbia pale. Ukidai umeachishwa isivyo halali una siku 30 tu tangu siku ya kuachishwa, madai mengine siku 60. Yeye alifika ya 52. Kwa hiyo la kwanza likawa limempita, akadai notisi na kiinua mgongo na likizo. Wakakaa usuluhishi, upande wa kiwanda wakasema huyu hatumjui, hayupo kwenye orodha ya wafanyakazi. Mkerewe hakujibu, alifungua daftari akalisogeza mezani. Alinisimulia mwenyewe tukiwa bandarini anasubiri meli ya kwenda Nansio, akasema dada, msuluhishi alifungua ukurasa mmoja mmoja hakuna aliyeongea. Walimaliza siku ya pili wakamlipa. Sio hela nyingi, alinunua mashine ya kushonea na akabaki na nauli, lakini alilipwa kama mfanyakazi.

Wenzie hawakuwa na daftari. Walipopata habari zake na kuanza kuhangaika siku 60 zilikuwa zimeisha, kuomba kuongezewa muda kuna njia yake lakini unatakiwa uwe na sababu nzito na wengi walishatawanyika, wengine Geita kwenye machimbo, wengine visiwani.

Na nyuma yao mama wa mapanki. Nilisema ntarudi. Pale mlango wa nyuma kulikuwa na akina mama wanachukua mapanki, wanayakausha wanayakaanga, panki la mia tano linalisha mtu aliyeshindwa kununua samaki mzima ndani ya mji wa samaki. Mmoja wao nilimzoea, Msukuma wa makamo, kila asubuhi nikipita ananisalimia mwangaluka mayu, ana karai kubwa jeusi ambalo alisema limesomesha wanae watatu. Kiwanda kilipofungwa yeye hakupoteza ajira kwa sababu kwa macho ya sheria hakuwahi kuwa nayo. Hamna notisi, hamna NSSF, hamna CMA ya kumsikiliza. Nilikuwa namwangalia nakumbuka wale jirani wa kaka kule Ohio, wale wa kiwanda kidogo cha vifaa. Kuna mtu alikaa mahali akaandika kwenye sheria kwamba kiwanda kikianguka hakianguki peke yake. Hilo ndilo ninalolitaka kwetu kuliko yote, kuliko hata kuongezewa ile miaka kumi ya kiinua mgongo. Siku kiwanda kinafungwa mtu wa halmashauri aje na kalamu, ahesabu na wa mlango wa nyuma, wenye karai, wabeba barafu, wa mkokoteni.

Mikopo ya halmashauri ipo, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ni kitu kizuri na nimekichukua. Lakini wakati ule kijana mwisho alikuwa miaka 35. Yule mzee wa chumba cha barafu alikuwa na 48, mwanaume, mzima wa afya, yeye anaingia kundi gani? Alizunguka ofisi na kila mlango ulikuwa na jina la mtu mwingine. Na mkopo unataka kikundi, na kikundi kinataka watu mnaoaminiana, na watu waliofukuzwa kazi wiki mbili zilizopita wote wanadaiwa kodi hawaaminiani, hilo niliona kwa macho.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Nililipwa mwisho wa Machi na kufikia tarehe 10 Aprili nilikuwa nimeshaweka laki nne kwenye dagaa. Nilienda mwaloni Kirumba nikanunua dagaa wabichi kwa mzigo, nikakodi sehemu ya kuanika, sijawahi kufanya dagaa maishani, najua sangara, ila niliona nikikaa na ile hela nyumbani itaisha kwa unga. Masika ile. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Dagaa asipopata jua siku ya kwanza anabadilika rangi, ya pili ananuka, ya tatu anakuwa chakula cha kuku na bei ya chakula cha kuku. Nilisimama pale na turubai nafunika huku nafunua, afu nikakaa chini. Laki nne za miaka 13 zilirudi elfu tisini.

Nimelifikiria sana hilo na naona sikuwa mjinga, nilikuwa na haraka kwa sababu hela ilikuja kabla ya mawazo. Kaka yangu alipewa shule kwanza na posho ya kumshikilia akiwa shule, akapata muda wa kukaa akachagua. Sisi tunapewa fungu mkononi, kesho yake upo sokoni na hofu yako. Kama ungeniuliza serikali ifanye nini na mtu wa kiwandani ningesema hiyo, ile miezi sita ya fao iambatane na darasa, VETA, chuo cha ufundi stadi, ipo Nyakato pale, mtu akae miezi sita ajifunze kitu huku anakula.

Kilichonitoa mwisho ni kisu kile kile. Nilisikia kuna utaratibu wa serikali kupitia VETA wa kurasimisha ujuzi, yaani kama umejifunza kazi kwa kuifanya bila kusoma, wanakupima wanakupa cheti. Nikajifunza kuuliza. Nikaenda na cheti changu cha utumishi, kile ambacho wenzangu walikiacha, kinachosema miaka 13 mchakataji wa samaki. Saizi nasimamia usafi na ukataji kwa watu wenye vizimba vya sato, tangu ile mikopo ya boti na vizimba ambayo Rais Samia alikuja kuikabidhi hapa Mwanza Januari 2024 kazi za namna hiyo zimeongezeka ziwani, na mtu anayejua kushika samaki bila kumharibu anatafutwa.

Pale tuna vibarua kumi na mmoja, siku ya mavuno wanafika ishirini. Siku ya kwanza niliyopewa kusimamia nilipita dukani nikanunua madaftari ya kurasa 48, jalada la bluu, nikampa kila mmoja na peni yake. Nikawaambia tarehe, umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, umelipwa ngapi, na mimi ntasaini pembeni kila jioni. Bosi aliniuliza hii ya nini, nikamwambia ni yao. Kuna mama mmoja hajui kuandika, binti yake wa darasa la nne anakuja saa kumi na moja jioni na sare ya shule, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mama anamtajia, yeye anaandika, afu ananiletea nisaini.